Gari limekufa, redio bado inasema: historia ya redio za magari na vifaa vyake, kutoka Chicago hadi Bunia

BUNIA – Katika mitaa ya mji huu kuna redio nyingi za magari ambazo hazimo tena ndani ya gari. Ziko kwa kinyozi, kwa mama anayeuza chakula, na katika vibanda vya familia zilizokimbia vita. Gari lilizeeka, likakatwa vyuma. Redio ikang'olewa, ikafungwa ndani ya kisanduku cha mbao, ikapewa batri na spika mbili, ikaendelea na kazi.

Wengine wanadhani huo ni umaskini tu. Lakini redio ya gari, tangu siku ya kwanza, iliundwa kwa ajili ya mahali ambapo hakuna umeme wa ukutani. Inaishi kwa batri, inavumilia vumbi na mitikisiko, na inatafuta sauti ya mbali ikiwa safarini. Mambo hayo matatu yanafanana sana na maisha ya Ituri. Umeme wa Bunia kwa miaka mingi umetegemea bwawa la Budana kwenye mto Shari, ambalo asili yake ni migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na nyaya zake hazifiki kila mtaa. Mtu anayekimbia naye habebi nguzo ya umeme kichwani.

Chicago, mwaka 1930

Ndugu wawili, Paul na Joseph Galvin, walikuwa na kiwanda kidogo mjini Chicago, Marekani. Mwaka 1930 walitengeneza redio ya gari yenye namba 5T71 na kuipa jina Motorola, neno lililounganisha gari na sauti. Paul Galvin aliifunga kwenye gari lake, akasafiri hadi Atlantic City ambako wafanyabiashara wa redio walikuwa na mkutano, akaegesha nje na kufungulia sauti ili wapitao wasikie. Ndivyo alivyopata wateja.

Kazi ilikuwa ngumu. Redio za wakati ule zilitumia valvu, vile vioo vinavyofanana na balbu, na valvu zinataka volti 200 hivi. Batri ya gari ilitoa volti 6 tu. Mwanzoni watu walificha batri nyingine chini ya sakafu ya gari. Baadaye kikaja kifaa kidogo chenye ulimi wa chuma unaotetemeka zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Kilikuwa kinakata na kuunganisha umeme wa batri ili transfoma iweze kuupandisha. Mtu akiwasha redio ya namna hiyo husikia kwanza mlio kama wa nyuki, ndipo sauti ije.

Adui wa pili alikuwa injini yenyewe. Buji zinapotoa cheche, redio hukwaruza. Ndiyo maana mafundi waliongeza rezista kwenye nyaya za buji na kapasita kwenye dinamo. Vifaa hivyo vidogo vilikuwa na kazi moja: kunyamazisha gari ili mtu asikie mtu.

Mwaka 1955 kampuni za Philco na Chrysler zilileta redio ya gari inayotumia transista peke yake. Valvu zikaanza kuondoka. Redio ikawa ndogo, ikala umeme kidogo, na magari mengi yakahamia volti 12. Hapo ndipo ilipozaliwa redio ambayo miaka mingi baadaye ingeweza kuishi kwa batri ya pikipiki.

Kusikia kutoka mbali

Redio ya taifa ya wakoloni, Radio Congo Belge, ilianza Léopoldville mwezi wa 10 mwaka 1940. Kutoka huko hadi Ituri ni mbali sana, na mawimbi ya kati hayafiki vizuri mchana. Kilichovuka misitu ni mawimbi mafupi, yanayoruka angani na kurudi chini mamia au maelfu ya kilomita kutoka yalikotoka. Kwa mawimbi hayo zilikuja pia idhaa za Kiswahili za nje: BBC mwaka 1957, Sauti ya Amerika mwaka 1962 na Ujerumani mwaka 1963.

Lakini redio nyingi za magari ya Ulaya zilishika mawimbi ya kati na marefu tu. Kwa hiyo viwanda vya Ujerumani kama Blaupunkt na Becker viliuza kifaa cha nyongeza: kisanduku kidogo kinachofungwa karibu na redio, kati yake na antena, ili ishike mawimbi mafupi. Kwa mwenye gari wa Ulaya kilikuwa cha starehe. Kwa dereva wa Afrika, aliye siku nzima mbali na kituo chochote cha redio, kilikuwa njia ya kujua dunia imeamkaje.

Kaseti, kisha kaseti ya uongo

Philips ilionyesha kaseti yake mwaka 1963, na kabla ya muongo huo kwisha ikaanza kuingia katika magari. Kaseti ilibadilisha mambo, kwa sababu sasa msikilizaji aliweza kuchagua. Muziki wa Franco na wa Tabu Ley ulisafiri katika teksi na malori bila kungoja kituo cha redio. Kaseti ilibeba pia barua za sauti, mahubiri, nyimbo za harusi na matanga. Familia iliyokimbia bila picha mara nyingine imebaki na kaseti moja tu yenye sauti ya marehemu. Anayeihifadhi aiweke mbali na jua na mbali na spika, maana sumaku ya spika inaweza kufuta sauti.

Simu zilipokuja, mashine za kaseti hazikutupwa. Kulikuwa tayari na kifaa chenye umbo la kaseti na waya mrefu unaotoka pembeni. Ndani hakina utepe. Kina kichwa cha sumaku kinachogusana na kichwa cha mashine na kuipitishia sauti ya simu. Mashine hudanganyika, hudhani inasoma kaseti. Kwa njia hiyo redio ya mwaka 1985 inapiga wimbo uliotoka mwaka huu.

Magari ya Japani na stesheni zisizosikika

Magari mengi yaliyotumika ya Kijapani yaliingia mashariki mwa Kongo kupitia Mombasa na Uganda, na yakaleta shida mpya. FM ya Japani, kwa miaka mingi, ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90. Ya kwetu ni 88 hadi 108. Gari zima, redio nzima, lakini stesheni nyingi za mjini hazionekani.

Dawa yake ni kisanduku kidogo kuliko kiganja, kinachowekwa kati ya antena na redio. Kinashusha mawimbi yote kwa kiasi kimoja. Kikishusha kwa 20, stesheni ya 105 inasikika kwenye 85. Ndugu wasikilizaji, ukinunua redio iliyong'olewa kwenye gari la Kijapani na ukakosa stesheni unayoijua, usiseme imekufa. Uliza kwanza kama kisanduku chake kilibaki ndani ya gari.

Vita na sikio la wengi

Vita vya Ituri vilivyoanza mwaka 1999 viliwafundisha watu kwamba habari inaweza kuokoa na uvumi unaweza kuua. Bunia ilikuwa na Radio Candip ya chuo cha ISP tangu enzi za Zaire. Tarehe 25 mwezi wa 2 mwaka 2002, Umoja wa Mataifa na shirika la Uswisi, Fondation Hirondelle, walianzisha Radio Okapi, inayosema Kifaransa na lugha 4 za taifa, Kiswahili kikiwemo.

Mauaji yaliporudi Djugu mwisho wa mwaka 2017, maelfu ya familia walikimbilia Bunia, na kambi ya Kigonze ikafunguliwa mwaka 2019. Wakati huohuo ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa mwezi wa 8 mwaka 2018 Kivu Kaskazini, ulikuwa umefika Ituri. Wakaaji na waliohama walihitaji kusikia jambo lilelile kwa saa ileile. Simu inasikika na mtu mmoja na inataka vocha. Redio ya gari yenye spika mbili inasikika na safu nzima ya vibanda, na haitaki hata franga moja ya intaneti.

Kuifunga bila kuiharibu

Katika redio nyingi za miaka ya karibuni, waya wa njano ni wa batri na unatunza kumbukumbu, mwekundu ni wa swichi ya gari, mweusi ni wa hasi. Nyumbani, wa njano na mwekundu huunganishwa pamoja kwenye chanya. Fyuzi isirukwe hata siku moja kwa kuweka waya mtupu, maana moto ukitokea, turubai haizimiki. Nyaya za spika zisiguse hasi wala bodi ya redio, zitaichoma. Redio za zamani sana za Uingereza zilifungwa kinyume, chanya kwenye bodi. Fundi aangalie kabla ya kuwasha.

Antena ya FM haihitaji ununuzi. Waya wa shaba wa sentimita 75 hivi, uliosimama wima na kwa juu, unatosha. Batri ya ampea-saa 7, redio ikila nusu ampea, ingefika saa 14 kwa hesabu. Lakini batri haipendi kumalizwa, kwa hiyo pangeni saa 7. Ukimaliza kusikiliza, chomoa, kwa sababu waya wa njano unaendelea kunyonya kidogokidogo.

Mafundi wanaojua mambo haya wanazeeka, na vijana wengi wanajifunza simu. Kijana mmoja katika kila kambi akijifunza kwa fundi mmoja kubadilisha fyuzi, kusoma rangi za nyaya na kusimamisha antena, redio hizi zitaendelea kusema. Siku barabara ya kurudi nyumbani itakapofunguliwa, tangazo lake litawafikia wote pamoja.