Tadbiri ya Safari ya Masaba

Mkaaji wa Namboboto akipanda juu ya vilima vya Samia asubuhi ya anga safi, hasa baada ya mvua ya usiku kuosha vumbi la kiangazi, huona upande wa kaskazini, mbali kupita jabali la Tororo, umbo pana la rangi ya buluu lililokaa juu ya upeo wa macho bila kilele kimoja cha kujitokeza. Huo ndio Masaba, mlima ambao ramani za serikali huuandika Elgon, volkano iliyozimika tangu zama za kale, yenye kitako cha upana wa kilomita zipatazo 80. Siku hizi, katika ofisi na maduka ya mji wa Busia, hutokea mara kwa mara kwamba vijana wanne watano wakafanya shauri la kwenda kulala usiku mmoja huko juu na kurudi kazini Jumatatu; wakachanga nauli, wakaazima mablanketi na hema, wakaulizana njia. Wako wanaoliona shauri hilo kuwa anasa ngeni iliyoletwa na watalii. Nathubutu kusema kwamba sivyo. Njia ya kutoka nchi ya Samia kwenda Masaba ni kongwe, na maarifa ya kuitengenezea safari, yaani kujua kichukuliwe nini, aongoze nani na usiku upitishwe wapi, yalikuwa mali ya wapagazi wa misafara na wenyeji wa mapango kabla hayajaandikwa katika kitabu chochote. Na walioandika vitabu, ingawa walikuwa watu hodari, waliwapunja sana wale waliowafikisha.

Tazama kwanza nchi yenyewe ilivyokaa. Ziwa la Viktoria, ambalo maji yake hufika Sio Port chini ya vilima vyetu, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ilhali kilele cha Koitobos upande wa Kenya kina mita 4,222, na Wagagai upande wa Uganda, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, kina mita 4,321. Mpaka wa nchi mbili huanza kwenye mlango wa Mto Sio, ukafuata maji kwenda juu, ukashika Mto Malaba na kisha Lwakhakha, hata ukafika kileleni Sudek na kushukia upande wa pili pamoja na Mto Suam. Mito hii haiendi mahali pamoja: Sio huingia katika ziwa letu, lakini Malaba, unaoteremka mlimani, hugeuka kwenda magharibi na kuingia Mpologoma na Ziwa Kyoga, ili maji yake yakutane na ndugu zake katika Naili baada ya mzunguko mrefu. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kwenda Masaba katika zama zisizokuwa na barabara hakuhitaji dira. Alihitaji kujua mito na kujua ni nani anayekaa ukingoni mwake.

Wala watu hawakwenda kwa kutazama mandhari. Wasamia walikuwa mafundi wa chuma, wakiyeyusha mawe ya vilima vyao kwa makaa na mivukuto, na majembe yao yalikuwa bidhaa iliyotamaniwa na majirani, Waluhya wenzao na Wajaluo, hata yakahesabiwa katika mahari. Mlima nao ulikuwa na vyake vya kutoa. Katika ukanda wa mianzi, juu ya msitu wa mipodo na mizeituni ya mwitu, huchipuka malewa, machipukizi ambayo Wagisu na Wabukusu huyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga au ufuta, chakula cha heshima hata leo. Katika mapango ya upande wa mashariki miamba yenyewe ina chumvichumvi, na Wasabaoti waliokaa humo waliichimba kwa ajili ya ng'ombe wao. Watu hao waliishi ndani ya mapango pamoja na mifugo, wakazuia milango kwa maboma ya miti, wakawa salama kwa baridi na kwa maadui. Hapo ndipo palipokuwa malazi ya mlimani: hapakuwa na kibanda wala hema, ila pango la mtu mwenye ng'ombe wake, ambalo mgeni hakuingia mpaka aruhusiwe.

Kisha ikaja misafara ya pwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Pangani na Mombasa, wakitafuta pembe za ndovu, walivuka nchi ya Wamasai na kufika kwa Nabongo Shiundu wa Wawanga, mashariki ya Busia ya leo, mahali walipopaita Kwa Sundu, na ambapo baada ya kutawala mwanawe Mumia pakaitwa Mumias. Kwa Sundu palikuwa ghala ya njia. Nafaka ilikuwa tele, kuku na ndizi vilipatikana kwa shanga, na mtu aliyechoka kwa miezi ya nyika aliweza kulala bila ya hofu. Ndiyo maana kila aliyekuwa na dhamira ya kwenda mbele, ama Buganda ama mlimani, alijitengeneza hapo. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo zipatazo 32, na posho yake ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku. Hesabu hiyo huonekana ndogo mpaka mtu aizidishe kwa watu mia na kwa siku kumi. Hapo ndipo atakapotambua kwamba kazi kubwa ya mnyapara haikuwa kutembea bali kupima. Nafaka ikipungua watu hutoroka. Ikizidi watu hulemewa. Kupanda mlima kulileta mashaka mengine, kwa kuwa mtu wa pwani mwenye shuka moja la amerikani hana kinga ya baridi ya usiku, na huko juu hakuna mahali pa kununua chakula. Kwa hiyo desturi ilikuwa kugawa msafara: wagonjwa na mizigo mizito kubaki kambini chini, na wenye nguvu kwenda wepesi, wakichukua masurufu ya siku chache tu. Anayefunga mkoba mdogo Busia na kuacha sanduku nyumbani anafuata kanuni hiyo hiyo.

Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti wa miaka 25 aliyetumwa na Jumuiya ya Kijiografia ya London, alifika nchi hii mwishoni mwa mwaka 1883. Alifaulu kuvuka Umasaini kwa msaada wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia hizo miaka mingi, na ambaye baadaye alimwongoza pia mkabaila Teleki hadi Ziwa Turkana. Mwezi wa Desemba Thomson alifika ufuoni mwa ziwa, karibu na nchi yetu, akarudi Kwa Sundu hali afya yake imedhoofika, kisha akaamua kurejea Baringo kwa njia ya Masaba. Hapo aliyaona mapango na kustaajabia ukubwa wake, akadhani kwamba hayakuweza kuwa kazi ya maumbile wala ya waliokuwa wakiyakaa, bali lazima yalichimbwa na taifa fulani la kale lenye elimu. Dhana hiyo haikusimama. Imebainika kwamba yalianza kwa maji, kisha yakapanuliwa kwa vizazi vingi na wanyama na watu waliotafuta chumvi. Na tembo wa pango la Kitum, ambao huingia gizani usiku na kuchimba ukuta kwa pembe zao, wamepata umaarufu duniani kote. Thomson alikuwa na watu wa kuwauliza mbele yake, wenye kuyajua mapango hayo kwa kuzaliwa humo. Ni jambo la kusikitisha kwamba hakuwapa nafasi ya kuwa mashahidi wa nyumba yao wenyewe.

Lakini safari ya mlimani iliyo na taathira kubwa kupita zote katika historia yetu ni ile ya Frederick Jackson, nayo yastahili kusimuliwa kwa utulivu. Jackson aliongoza msafara wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, pamoja na Ernest Gedge, akafika Mumias mwishoni mwa mwaka 1889. Kabaka Mwanga, aliyekuwa amepinduliwa na kupigania kiti chake, alimwandikia kuomba msaada; Jackson, ambaye maagizo yake hayakumruhusu kuingia Buganda, alijibu kwa hadhari, akaacha kambi na watu wachache, akaenda kaskazini kutafuta pembe na kuuchunguza mlima. Mwezi wa Februari 1890, ambao ni wa kiangazi na ndio bora kwa kupanda, yeye na wenzake walifika juu na kuvuka shimo kuu la volkano, wakiwa Wazungu wa kwanza kufanya hivyo. Wakati huo huo, huku chini, akaingia Mumias Mjerumani Carl Peters, aliyedai kwamba anakwenda kumwokoa gavana Emin Pasha. Peters alizikuta barua kutoka Buganda zilizokuwa zikimsubiri Jackson, akazifungua, akazisoma, akatambua kwamba Mwanga amerudi kitini na yu tayari kufanya mapatano. Basi hakukawia, akavuka Busoga hima na kutia saini mkataba na Mwanga kabla Mwingereza hajateremka. Jackson alirudi kambini mwezi wa Machi na kukuta neno limekwisha. Mkataba wa Peters ulibatilishwa na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890, yale yaliyoitoa Heligoland na kuiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza. Lakini kwa majuma kadhaa mustakabali wa Uganda ulitegemea kwamba mtu mmoja yuko juu ya Masaba na barua zake ziko chini. Kilele kimoja cha mlima huu huitwa kwa jina la Jackson mpaka leo. Wapagazi waliomfikisha, waliokanyaga baridi ile kwa miguu mitupu, hawana hata kijito kilichopewa jina lao, na naliona hilo kuwa deni ambalo wanahistoria wetu hawajalilipa.

Mambo yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na majeshi ya serikali Lumboka na Chetambe, wakashindwa kwa bunduki. Tarehe 1 Aprili 1902 jimbo la mashariki la Uganda likahamishiwa Himaya ya Afrika ya Mashariki, na hivyo majirani wa mto mmoja wakawa raia wa tawala mbili. Upande wa pili Semei Kakungulu aliujenga mji wa Mbale chini ya miamba ya Wanale. Reli ya kutoka Nakuru kupitia Eldoret ilivuka Malaba na kuungana na njia ya Jinja mwaka 1928, na kwa mara ya kwanza mtu aliweza kulisogelea guu la mlima akiwa amekaa kitini. Miaka michache kabla yake, mwaka 1925, tabibu wa nafsi Carl Jung wa Uswisi alipiga kambi katika miteremko ya upande wa Kenya ili azungumze na wazee juu ya ndoto na ibada; lugha aliyoitumia, kwa kadiri alivyoijua, ilikuwa Kiswahili. Lugha ya kambi za wapagazi ilikuwa imekwisha kupanda mlima na kukaa.

Wenyeji nao hawakuacha kupanda kwa ajili yao wenyewe. Wafuasi wa Dini ya Msambwa, waliomfuata Elijah Masinde katika miaka ya 1940, waliutukuza Masaba kuwa mahali patakatifu pa wahenga, wakaenda huko kuomba, na serikali ya kikoloni ikaiona safari hiyo ya ibada kuwa uasi. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi waliokusanyika Malakisi, wakaua watu 11. Masinde akakamatwa na kupelekwa mbali Lamu, na dini yake ikapigwa marufuku. Mtu asiyeijua habari hii aweza kuyapita mabonde ya Malakisi akidhani yanapendeza tu.

Hifadhi ya taifa upande wa Kenya ilianzishwa mwaka 1968, na ile ya Uganda katika miaka ya 1990. Tangu mwaka 2006 hadi 2008 vita vya mashamba ya Chepyuk, baina ya kundi la wapiganaji na majirani zao, na kisha operesheni ya jeshi, viliufunga mlima kwa hofu, na wapiganaji na jeshi pia walitenda maovu ambayo jamaa za waliotoweka bado wanayalilia. Sasa amani imerudi na njia zimefunguka. Atokaye Busia anazo mbili. Ya kwanza hupitia Bungoma na Kitale hadi Endebess na lango la Chorlim, ambako mapango ya Kitum na Makingeny yako karibu na kambi, na safari ya usiku mmoja yatosha kuyaona. Lakini aingiaye pangoni asiguse popo wala kinyesi chao, kwa kuwa wageni wawili waliozuru Kitum, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikufa kwa homa ya Marburg, na popo wa matunda ndio wanaoichukua. Ya pili huvuka mpaka kwenda Mbale, na kutoka hapo mtu huweza kupanda Wanale au kwenda maporomoko ya Sipi, akalala na kurudi. Wagagai na Koitobos si vya usiku mmoja kwa mtu aliyezoea hewa ya ziwani, maana kichwa kitauma na pumzi itapungua kabla ya mianzi kwisha; wanaotaka vilele watenge siku zaidi, wachague miezi ya Desemba hadi Februari, wachukue nguo za sufu na chakula chao chote, na wakubaliane ujira na kiongozi wa kijiji cha mlimani kabla ya kuondoka, mbele ya shahidi, kama walivyokuwa wakifanya wanyapara Kwa Sundu.