Tarehe ya Wally Parks, Mwasisi wa Mbio za Robo Maili

Wallace Gordon Parks alizaliwa tarehe 23 Januari 1913 katika mji mdogo wa Goltry, jimbo la Oklahoma. Angali mdogo, familia yake ilihamia kusini mwa California, na huko ndiko alikopatia ujana wake na mapenzi yake ya magari. Kampuni ya Ford ilikuwa imekwisha kutengeneza magari milioni 15 ya Model T kati ya mwaka 1908 na 1927. Yalipochakaa yaliuzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliyefanya kibarua cha likizo aliweza kuilipa. Hapo ndipo ilipochipuka kazi ya hot rod: gari kuukuu lililonunuliwa kwa pesa chache, likafumuliwa na kuundwa upya ili lipite magari ya matajiri.

Kazi yenyewe ilianzia kwenye uzito. Kijana alifungua madigadi zote nne, bampa, kioo cha mbele na turubai la juu, akabaki na bodi tupu juu ya chesisi. Kisha aliingia kwenye injini. Kichwa cha silinda kilisagwa kidogo ili hewa na petroli vibanwe zaidi kabla ya kuwaka, kabureta ya pili ikaongezwa kando ya ile ya kwanza, na kamshafti ikasagwa umbo jipya ili valvu zikae wazi muda mrefu zaidi. Mwaka 1932 Ford walitoa injini ya V8, silinda nane na nguvu ya farasi 65, kwa bei ya mtu wa kawaida. Tangu siku hiyo hakuna fundi kijana wa Los Angeles aliyelala bila kuiwaza. Aliyekosa pesa ya gari jipya alisubiri moja lipate ajali, akainunua injini yake sehemu za vyuma chakavu na kuipachika kwenye bodi ya zamani.

Mahali pa kujipima palikuwa Muroc, ziwa kavu katika jangwa la Mojave, kaskazini mwa Los Angeles. Udongo wake wa mfinyanzi umekauka ukawa tambarare na mgumu kama sakafu, maili kwa maili, bila mti wala jiwe. Parks alianza kwenda huko katika miaka ya 1930, na aliyoyaona yalimsisimua na kumtia hofu kwa pamoja. Magari kadhaa yaliondoka kwa mkupuo, bega kwa bega. Lililotangulia lilitimua wingu la vumbi, na madereva wa nyuma waliendelea kukanyaga mafuta bila kuona kitu. Watu walikufa Muroc.

Mwaka 1937 Parks alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha klabu ya Road Runners. Mwishoni mwa mwaka huohuo klabu kadhaa za eneo lile ziliungana kuunda Southern California Timing Association, ambayo watu huifupisha SCTA. Muungano huo uliweka utaratibu ambao leo unaonekana wa kawaida lakini wakati ule ulikuwa mageuzi makubwa: kila gari likimbie peke yake, lipimwe kwa saa, liwekwe kwenye daraja la magari yanayolingana nalo, na matokeo yaandikwe. Wengi wakimtaja Parks husifu kasi. Mimi nasifu daftari lile. Kabla yake, bingwa wa Muroc alikuwa yule mwenye sauti kubwa zaidi kwenye mkahawa usiku ule. Baada yake, ubingwa ulikuwa na tarehe, daraja na namba.

Vita vya Pili vya Dunia vilitawanya klabu hizo. Parks alikuwa dereva wa majaribio wa vifaru vilivyotengenezwa na General Motors, kisha akapelekwa na jeshi katika eneo la Pasifiki. Muroc nayo ilichukuliwa na jeshi na hatimaye ikawa kituo cha anga cha Edwards, hivyo wakimbiaji wakahamia ziwa kavu la El Mirage.

Waliorudi vitani walikuwa na pesa mfukoni na ufundi waliojifunza kwenye ndege na vifaru, na wengi wao hawakuwa na subira ya kungoja siku ya jangwani. Wakawa wanashindana usiku katika barabara za mjini. Magazeti yakaandika ajali, wazee wa miji wakalalamika, polisi wakakamata, na neno hot rod likawa tusi. Palizungumzwa habari ya kuyapiga marufuku kabisa magari hayo. Parks, aliyekuwa sasa meneja mkuu wa SCTA, alijua kwamba kutetea kwa maneno tu hakutoshi. Januari 1948 SCTA iliandaa maonyesho ya magari mjini Los Angeles, ili mzazi na polisi wayaone kwa karibu na kuzungumza na vijana wenyewe. Mwezi huohuo Robert Petersen, kijana aliyeshughulikia matangazo ya maonyesho hayo, alitoa na mwenzake toleo la kwanza la jarida la Hot Rod, senti 25 nakala moja.

Mwaka 1949 ulimletea Parks mambo mawili. Alikuwa mhariri wa jarida hilo, na mwezi wa Agosti SCTA ilifanya Wiki ya Kasi ya kwanza kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, baada ya yeye na wenzake kwenda kuomba ruhusa. Uwanda ule ulikuwa umezoea magari ya Waingereza wenye fedha. Safari hii walifika makanika wa gereji za nyuma ya nyumba, na gari la Alex Xydias na Dean Batchelor, lenye injini ya V8, likakaribia maili 190 kwa saa.

Kutoka kiti cha uhariri Parks aliona nchi nzima. Barua zilitoka miji isiyo na jangwa wala uwanda wa chumvi, zikiuliza vijana wa huko wafanye nini. Jibu lake lilikuwa National Hot Rod Association, NHRA, iliyoanzishwa mwaka 1951, yeye akiwa rais. Mashindano yangekuwa ya robo maili, takriban mita 402, magari mawili kwa zamu, kwenye kipande chochote cha lami kilichonyooka. Aprili 1953 NHRA ilifanya mashindano yake ya kwanza rasmi katika eneo la maegesho la viwanja vya maonyesho vya Pomona, huku polisi wa mji wakiwa upande wao.

Mwaka 1954 ndio ninaoupenda kuliko yote katika tarehe hii. Parks aliwatuma watu wanne barabarani wakiongozwa na Bud Coons, aliyewahi kuwa polisi wa Pomona. Walisafiri kwa gari la Dodge lenye tela dogo, na msafara wao uliitwa Drag Safari. Ndani ya tela mlikuwa na saa za kupimia, nyaya, simu na vipaza sauti. Walipofika mjini walikutana na klabu ya vijana, mkuu wa polisi na wenye uwanja wa ndege usiotumika. Walitandaza nyaya, wakaonyesha jinsi ya kukagua usukani, breki, mikanda na mabomba ya mafuta, wakaendesha mashindano siku mbili, wakafungasha na kwenda mji mwingine. Nyuma yao walibaki watu wanaojua kuendesha mashindano wenyewe. Sioni kazi nyingine ya Parks iliyookoa maisha ya vijana wengi zaidi ya hiyo.

Mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika mwaka 1955 huko Great Bend, Kansas, kwenye uwanja wa ndege uliobaki kutoka vitani. Mvua ikayakatisha, na fainali ikamaliziwa Arizona mwezi Novemba.

Parks hakuwa mtu wa ofisi tu. Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 44, aliendesha Plymouth iliyopewa jina Suddenly kwenye mchanga wa Daytona Beach na kupita maili 166 kwa saa. Mwaka huohuo NHRA ilipiga marufuku mafuta ya nitro, kwa hoja kwamba kasi ilikuwa imezidi usalama wa magari na viwanja. Uamuzi huo uliwaumiza wengi. Mwaka 1959 klabu ya Smokers ya Bakersfield iliandaa mashindano yake na kuruhusu nitro, na miongoni mwa waliokuja alikuwa Don Garlits kutoka Florida. Kwa maoni yangu, Parks alikuwa na haki ya kuogopa kasi ile, ila alikosea kudhani fundi ataacha kuitafuta akikatazwa. Katika miaka ya 1960 NHRA ililegeza na nitro ikarudi.

Wanawake nao walisubiri kupita kiasi: ni mwaka 1973 ndipo Shirley Muldowney alipopata leseni ya daraja la juu kabisa, Top Fuel. Alijibu kwa ubingwa wa 1977, 1980 na 1982.

Makumbusho yenye jina la Parks yalifunguliwa mwaka 1998 kwenye viwanja vilevile vya Pomona. Mwenyewe alifariki tarehe 28 Septemba 2007, akiwa na miaka 94. Juni iliyofuata dereva Scott Kalitta aliuawa mashindanoni huko Englishtown, New Jersey, na baada ya wiki chache NHRA ikapunguza mbio za magari yake yenye kasi zaidi kutoka robo maili hadi futi 1,000, karibu mita 305. Mashabiki wengi walilia kwamba urithi wa mzee umevunjwa. Mtu aliyetuma Dodge na tela nchi nzima kufundisha ukaguzi wa breki, naamini, angetia sahihi siku hiyohiyo.