Karafuu za Zanzibar na Haki ya Masikini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeifanya ardhi itoe riziki za waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Kila ufikapo msimu wa karafuu huulizwa swali lile lile: je, karafuu zina zaka? Jibu la haraka, kwa madhehebu ya Imamu Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao huu, ni kuwa hazina, kwa sababu si chakula. Jibu hili lina asili yake katika fiqhi. Lakini ili tuujue uzito wake, hatuna budi kwanza kuitazama historia ya kilimo cha visiwa hivi.

Mkarafuu ulivyoingia

Mkarafuu si mti wa asili wa Zanzibar. Kwao ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Wafaransa waliuotesha katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliwahimiza wenye mashamba waupande. Hata Pemba, iliyokuwa ikiipelekea Mombasa mchele, ikawa kisiwa cha karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyoshika uongozi.

Wala tusifiche jambo: utajiri ule ulitoka katika jasho la watumwa walioletwa kutoka bara. Soko lao lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu. Kisha Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikajitosheleza kwa karafuu zake, na katika miaka ya 1980 bei ikaanguka. Hadi leo karafuu ni zao kubwa la biashara, na mchele mwingi tunaokula hutoka nje.

Kauli za wanazuoni

Kwa Imamu Shafi, zaka ya mazao iko katika chakula kikuu kinachowekeka akiba, kama mpunga na mtama, na katika tende na zabibu. Nisabu yake ni wasaki tano, ambazo baadhi ya wanazuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa kilo 653. Mazao ya mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na yanayomwagiliwa kwa gharama nusu ya hiyo. Imamu Abu Hanifa yeye anaona zaka iko katika kila kinacholimwa kwa kukusudiwa mapato. Sheikh Yusuf al-Qaradawi, katika kitabu chake Fiqhuz-Zakah, aliipa nguvu kauli hii.

Sasa tazama, ndugu yangu. Mkulima wa mpunga wa mvua akifikia nisabu hutoa sehemu yake ya kumi, ingawa chakula hicho huenda kisimfikishe msimu ujao. Jirani yake aliyeanika majamvi kwa majamvi ya karafuu hatoi kitu siku ya mavuno. Akiuza, fedha yake itatolewa zaka ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka. Akiitumia kabla ya hapo, hana analodaiwa.

Hatusemi haya kuyavunja madhehebu yetu, kwani maimamu walijitahidi kwa dalili. Tunachosema ni kuwa imamu asiishie kwenye neno “hazina zaka” akanyamaza. Amkumbushe mwenye shamba kuihesabu fedha yake mwaka unapotimia. Amweleze kuwa katika wanazuoni wapo walioiwajibisha zaka hii, na kwamba kutoka katika khitilafu ni bora kwa mwenye kuitafuta salama ya dini yake. Amsomee aya ya 141 ya Suratul An'am, inayoamrisha kutolewa haki ya mazao siku ya kuvunwa. Na amhimize amlipe mchumaji ujira wake kwa wakati, kwani mikarafuu hii imekwisha kuona dhulma ya kutosha.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azibariki mvua zetu na mashamba yetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kutoa. Wallahu a'lam.