Mzinga Juu ya Mti: Waogiek na Umiliki wa Msitu wa Mau

Katika nchi nyingi mwindaji alijenga kichanja, yaani ulingo wa fito uliofungwa kwenye matawi, akamvizia mnyama kutoka juu. Lakini kwa Waogiek wa msitu wa Mau, ulio magharibi ya Nakuru nchini Kenya, kilichopandishwa mtini kilikuwa mzinga wa nyuki, huku pongo, perere na nguruwe wa msituni wakiwindwa kwa mbwa, mikuki, mishale na mitego. Asali na nyama zilikuwa kazi mbili za mtu mmoja katika njia zilezile, kwa kuwa aliyekwenda kukagua mizinga yake alipitia pia mitego yake.

Mzinga ulichongwa kutoka gogo, hasa la mtarakwa, yaani mwerezi wa Afrika Mashariki, ambao mbao zake haziozi upesi wala haziliwi kwa urahisi na mchwa. Gogo lilitobolewa ndani likawa tupu, likazibwa mwishoni kwa vifuniko, kisha likapandishwa na kulazwa penye panda ya matawi. Baada ya hapo kazi haikukoma, kwa maana kifuniko kilichooza kilibadilishwa, mzinga uliolegea ukakazwa, na uliohamwa na nyuki ukasafishwa ili kundi jingine liingie. Wakati wa kurina, yaani kutoa asali, mwanamume alipanda na mfuko wa ngozi na kienge cha kufukizia nyuki moshi.

Kwa kuwa miti ya nyanda za chini na ya nyanda za juu haichanui maua kwa wakati mmoja, kila ukoo ulimiliki ukanda mrefu wa msitu uliopanda mteremko wa Mau kutoka chini hadi juu, nao watu wakahama kwa kufuata asali. Mipaka ya kanda hizo ilikuwa mito, vilima na mabonde, na mizinga iliyotunzwa ndani yake ilikuwa ushahidi wa nani mwenye mahali. Asali yenyewe ilinywewa kama pombe katika sherehe, ikatolewa katika mahari, na ikabadilishwa kwa mifugo ya majirani Wamaasai, waliowaita watu hao Torobo, jina la dharau kwa wasio na ng'ombe.

Serikali ya kikoloni haikuuona umiliki huo, kwani ilitafuta shamba na boma. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter ilipendekeza, katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1934, kwamba wale walioitwa Dorobo, yaani Torobo, wahamishiwe katika maeneo ya makabila waliyokaribiana nayo. Baada ya uhuru, uwindaji ulipigwa marufuku nchini kote mwaka 1977, na mwezi wa Oktoba 2009 wakazi wa Mau wakapewa ilani ya siku 30 kuondoka.

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, ikiwemo haki ya ardhi, na kwamba hoja ya kuhifadhi mazingira haikutosha kuhalalisha kufukuzwa kwao. Na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 157,850,000 na ardhi yao ya jadi ipimwe na kuandikishwa kwa jina lao la pamoja. Kwa amri hiyo, hati ya karatasi ilitakiwa ithibitishe umiliki ambao kwa vizazi vingi ulikuwa umeandikwa juu ya miti, kwa mizinga.