Mstari Mmoja, Vibarua Sita

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua katika ofisi moja hapa Nairobi. Tulikuwa sita, kila mtu na kompyuta yake, na mbele yetu faili 40,000 za hati zilizopigwa skani. Majina yake yalianza na siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Bosi alitaka mwaka uje mbele ili faili zijipange zenyewe. Bofya, andika, hifadhi. Bofya, andika, hifadhi. Mia nane kwa siku, kazi ya wiki mbili. Kufikia siku ya tatu kiganja changu kilikuwa kinawaka moto.

Jioni hiyo binamu yangu, aliyekuwa akisomea kompyuta, alinicheka sana. Akafungua dirisha jeusi lisilo na picha hata moja, akaandika mstari mmoja wa amri, akanieleza kila alama. "Jaribu na faili kumi kwanza," akasema.

Sasa, mstari kama huo una ukoo.

Mwaka 1964, Doug McIlroy, mwanahisabati wa maabara za Bell kule New Jersey, Marekani, aliandika waraka akipendekeza programu ziunganishwe kama mpira wa kumwagilia bustani: ukihitaji kipande kingine, unakifunga tu mbele. Wazo likalala. Mwaka 1969 wenzake, Ken Thompson na Dennis Ritchie, wakaanza kujenga Unix. Waliiendesha kwa mashine za teletaipu zilizochapa herufi 10 kwa sekunde, kwenye karatasi. Ndiyo maana amri zake zinafanana na meseji ya mtu aliyeishiwa kredo: ls, cp, mv, rm.

McIlroy hakuchoka kuwasumbua. Mwaka 1973 Thompson akakubali, na kwa usiku mmoja tu akaweka bomba ndani ya Unix. Tangu hapo, kinachotoka kwenye programu moja kiliweza kumiminika moja kwa moja hadi nyingine, hata kama walioziandika hawajawahi kuonana. Alama ya bomba hilo leo ni kijiti kilichosimama wima. Kesho yake wenzao walikuwa washaanza kuunganisha hiki na kile kama watoto waliopewa toi mpya.

Mwaka huohuo, kule California, watu wa Xerox walikuwa na kompyuta yao, Alto, yenye madirisha na kipanya. Siitukani. Bila ukoo huo mamangu hangeweza kutumia simu yake. Lakini kipanya ni kidole, na kidole kina mipaka yake. Mwambie mama mboga akupe nyanya zote zilizoiva isipokuwa zenye doa, atakuelewa. Ukinyimwa mdomo, itabidi uguse nyanya moja moja. Ukiwa na nyanya tano hakuna shida. Ukiwa na 40,000, utalala sokoni.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha 1986. Jon Bentley, mwandishi wa safu katika jarida moja la kompyuta, alimwomba Donald Knuth, gwiji wa fani hiyo, aandike programu ya kutafuta maneno yanayojirudia zaidi katika maandishi. Knuth akaleta kurasa kadhaa, kazi safi kabisa. McIlroy akapewa aihakiki. Akaisifu, halafu akaonyesha amri sita zilizounganishwa kwa bomba: kila neno lipate mstari wake, herufi kubwa ziwe ndogo, panga, hesabu yanayofanana, panga tena kwa wingi, toa ya juu, simama. Kusema ukweli haikuwa mechi ya haki, maana Knuth alitakiwa kuonyesha mtindo wake wa kuandika programu zinazosomeka kama insha. Bado mimi hucheka kila nikiikumbuka.

Asubuhi ya siku ya nne nilijaribu faili kumi. Zikakubali. Nikanakili folda nzima kando, nikaandika mstari, nikabonyeza. Sikumaliza hata kunywa chai. Nikamwita bosi mbio, nikiwa na furaha ya kijinga, nikidhani nitaongezwa pesa. Aliangalia skrini, akafungua faili moja, nyingine, nyingine tena. Akanipongeza mbele ya wote. Kisha akatulipa siku nne, kila mtu 3,200, akatuambia kazi imeisha.

Tulishuka ngazi kimya. Mwenzangu mmoja, aliyekuwa amemwahidi landilodi kodi kwa hesabu ya wiki mbili, alitembea nami hadi steji. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ule mstari ungeweza kuandikwa uende polepole.

Nilimwambia ndiyo. Kuna amri ya kusubiri, inaitwa sleep, unaiambia ingoje sekunde ngapi kati ya faili na faili. Akataka nimwandikie. Nikaiandika nyuma ya risiti, akaikunja, akapanda matatu.