Jembe la lazima na jembe la wanafunzi

Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mito iliteremka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, Kivu Kusini. Watu zaidi ya 400 walikufa, na familia nyingi hazikupata hata mwili wa kuzika. Tangu hapo, kila mvua ikianza swali linarudi: nani atatengeneza mito hii na milima iliyo juu yake? Wengine hujibu: wanafunzi, wapewe majembe na miche.

Jibu si baya, ila Kivu inalijua jembe la amri. Sheria ya Wabelgiji ya tarehe 5 Desemba 1933 iliwalazimisha wanakijiji kufanya kazi hadi siku 60 kwa mwaka. Kazi hizo ziliitwa, ajabu, “kazi za kuelimisha”. Aliyekataa alitozwa faini au kufungwa. Kwa lazima hiyo milima ilichimbwa mitaro ya kuzuia maji yasibebe udongo. Kusema ukweli, mitaro ilisaidia. Lakini uhuru ulipofika mwaka 1960, wengi waliiacha ikajaa. Ilikuwa mitaro ya mzungu, si ya mwenye shamba. Miaka ya 1970 Mobutu akaleta Salongo, na wanafunzi nao wakashika majembe na mifagio. Utawala wake ulipochoka, Salongo ikachoka nayo.

Mbali sana, California huko Marekani, kazi ya namna hiyo ilianzia kwenye swali la watoto. Mwaka 1992 darasa la nne la mwalimu Laurette Rogers, mjini San Anselmo, lilikuwa likisoma juu ya viumbe vinavyopotea. Watoto wakauliza: sisi tufanye nini? Wakachagua uduvi wa mtoni, mnyama mdogo kuliko kidole, anayejificha kwenye mizizi inayoning'inia ukingoni. Katika kijito cha Stemple ng'ombe walikuwa wamekanyaga kingo, miti imekwisha, udongo unaanguka majini. Watoto walijifunza kwanza uduvi anaishije na mizizi inashikaje udongo. Ardhi ilikuwa ya mfugaji. Ilibidi naye akubali. Ndipo wakapanda miti kwa mikono yao. Miaka iliyofuata maelfu ya wanafunzi wa shule nyingine waliendeleza kazi hiyo.

Milima ya Kalehe ina wenyewe pia, na baadhi ya mashamba makubwa ni ya watu wasioishi huko. Mtoto wa Nyamukubi anayelala leo kwa ndugu hana ukingo wa kupanda hata mti mmoja, mpaka wao waseme ndiyo.