Programu za simu za kutuliza akili na mzigo wa wauguzi

Wahenga walisema mganga hajigangi. Msemo huo unawafaa mno wauguzi wa zahanati ndogo, ambao mchana kutwa husikiliza maumivu ya wengine na jioni hurejea nyumbani bila ya kupata wa kuwasikiliza wao. Mwakirunge, wadi iliyomo katika eneobunge la Kisauni, ni mojawapo ya sehemu zinazotegemea huduma za aina hiyo. Ingawa imo katika Kaunti ya Mombasa, ina mashamba na makazi yaliyotawanyika kuliko majumba ya mji. Jina lake hutajwa mara nyingi kwa sababu ya jaa la taka, ambalo mzigo wake uliongezeka baada ya jaa la Kibarani kufungwa mwaka wa 2018.

Katika mfumo wa afya wa Kenya wenye ngazi sita, zahanati ni ngazi ya pili. Kwa kawaida huko hakuna daktari. Muuguzi au afisa wa kliniki ndiye msimamizi na ndiye mtendaji. Hupima wajawazito, hutoa chanjo, hutibu malaria na vikohozi, hujaza madaftari na kuandaa ripoti ya kila mwezi. Mtoto akimfia mikononi, foleni iliyo nje ya mlango huwa ingali inamsubiri.

Hali inayozaliwa na mzigo kama huo imepewa jina la uchovu wa kazi. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa Marekani aliieleza katika maandishi yake ya mwaka wa 1974. Mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifafanua kuwa si ugonjwa, bali ni tokeo la msongo wa kazini uliokosa kudhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa na nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kupungukiwa na ufanisi. Ufafanuzi huo una uzito wake, kwa kuwa unaonyesha kwamba chanzo kimo kazini, wala si udhaifu wa mtu.

Asili ya programu hizi

Miongoni mwa tiba zinazopendekezwa siku hizi ni mazoezi ya uzingativu, yaani kuelekeza fikira kwa makusudi kwenye wakati uliopo, bila ya kujilaumu. Mazoezi hayo yana mizizi katika dini ya Kibudha. Hata hivyo, mwaka wa 1979 Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyatenga na ibada na kuyafanya mafunzo ya majuma manane kwa wagonjwa wenye maumivu ya kudumu. Kwa sababu hiyo, muumini wa dini yoyote aweza kuyafanya kama zoezi la mwili na akili tu.

Simu za kisasa zilipoenea, mafunzo hayo yaligeuzwa kuwa programu. Headspace ilianzishwa mwaka wa 2010 na Calm ikafuata mwaka wa 2012. Wakati wa janga la Covid-19, ambalo mgonjwa wake wa kwanza nchini Kenya alitangazwa Machi 13, 2020, Headspace ilifunguliwa bila malipo kwa wahudumu wa afya wa Marekani na Uingereza.

Matumizi yake ni mepesi. Sauti humwongoza msikilizaji kwa dakika chache avute pumzi polepole, aitoe kwa muda mrefu zaidi, kisha apeleke fikira zake kwenye viungo vya mwili kimoja baada ya kingine. Pumzi ndefu ya kutoka huamsha mishipa ya fahamu inayopunguza kasi ya moyo, na mwili uliokuwa kama unajiandaa kwa vita hutulia.

Faida na mipaka yake

Tafiti zilizofanywa miongoni mwa wauguzi katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba mazoezi haya yaweza kupunguza msongo, japo kwa kiasi. Tatizo la kwanza ni kudumu nayo. Uchunguzi wa programu 93 za afya ya akili, uliochapishwa mwaka wa 2019, ulibaini kwamba baada ya siku 30 ni watu wapatao 3 tu kati ya 100 waliokuwa wangali wakizifungua.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mwaka wa 2024, William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichapisha uchambuzi wa majibu ya wafanyakazi zaidi ya 46,000 nchini Uingereza. Waliotumia huduma za kujituliza walizopewa na waajiri, programu za simu zikiwemo, hawakuonekana kuwa na hali bora kuliko wenzao wasiozitumia. Funzo lake ni kwamba mfanyakazi hawezi kupumua hadi upungufu wa watu kazini ukaisha. Wauguzi wa Kenya waliogoma kwa takriban miezi mitano mwaka wa 2017 walidai utekelezaji wa makubaliano ya mishahara na masharti ya kazi, mambo ambayo hayamo katika programu yoyote ya simu.

Kuna pia suala la siri. Mwaka wa 2023 kampuni ya ushauri nasaha ya BetterHelp ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya Tume ya Biashara ya Marekani kuilaumu kwa kuzipa kampuni za matangazo habari za wateja wake. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Ni vyema muuguzi asome masharti kabla ya kuandika jina lake, na aikatae programu iliyotolewa na mwajiri ikiwa mwajiri huyo aweza kuona majibu yake.

Mfano ulio karibu na mazingira ya Afrika Mashariki unatoka kaskazini mwa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020. Baadhi yao walihudhuria vipindi vitano vya WHO, wakasikiliza maelezo yaliyorekodiwa kwa lugha wanayoielewa, wakiwa pamoja katika kikundi. Baada ya miezi mitatu dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakuvihudhuria. Hapakuhitajika simu ya bei ghali wala mtaalamu. Palihitajika sauti inayoeleweka na watu wa kukaa nao.

Msaada ulio karibu

Muuguzi asiye na programu bado ana nafasi ya zoezi. WHO hupendekeza mikono ioshwe kwa sabuni kwa sekunde 40 hadi 60. Muda huo, unaojirudia kila baada ya mgonjwa, watosha kwa pumzi nne au tano za polepole, huku fikira zikiwa kwenye maji na mikono.

Lakini mtu akikosa usingizi au furaha kwa majuma mawili mfululizo, au akiwaza kujidhuru, zoezi la pumzi halitoshi. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina kitengo cha maradhi ya akili. Hata hivyo, kutoka Mwakirunge njia ya kawaida ya kuifikia hupitia daraja la Nyali, kisiwani na Makupa, safari inayokula sehemu kubwa ya siku. Hapo ndipo simu inapofaa zaidi, si kwa programu bali kwa kumpata binadamu: nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo.

Wengi walinyamaza kwa miaka mingi kwa kuogopa sheria, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kuwa kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na sasa sababu moja ya kuyaficha imepungua.

Programu ya simu, basi, ni kama bendeji: huzuia damu kwa muda, nayo haipaswi kudharauliwa. Jeraha lenyewe huponywa na zamu zenye watu wa kutosha, likizo inayotolewa kwa wakati wake, na msimamizi anayemuuliza muuguzi hali yake kabla ya kumdai ripoti.